Kabla ya Kufomati, Soma Logi

   Leo, hapa komini ya Kenya mjini Lubumbashi, tunazungumza juu ya kompyuta inayokwama, na swali letu ni moja: programu ikigoma kufunguka, tuanzie wapi? Jibu la mtaani tunalijua. Mashine inapelekwa kwa fundi, fundi anaigusa kidogo, kisha anatoa hukumu: hii tufomati tu, tuweke Windows upya. Mimi leo naleta jibu jingine, na nitalirudia mpaka mwisho wa kipindi ili likae vizuri: kabla ya kufuta, soma. Mara nyingi mashine huwa imeandika mahali fulani jambo lililoipata. Fundi asiyesoma maandishi hayo anabahatisha, hata kama siku hiyo bahati imemwangukia.

Ili tuelewane, kuna vitu viwili vya kuvifahamu. Cha kwanza ni maktaba ya pamoja. Programu tunazotumia hazifanyi kila kazi zenyewe. Kufungua faili, kufunga ujumbe kwa siri, kukandamiza picha ili iwe ndogo, hizo ni kazi zinazohitajiwa na programu nyingi, kwa hiyo zimeandikwa mara moja na kuwekwa kwenye faili ambalo programu zote huliazima. Fikirini mashine ya kusaga mahindi mtaani. Nyumba nyingi zinapika bukari, lakini si kila nyumba ina mashine yake ya kusagia. Zote zinapeleka mahindi pale pale. Mashine ile ikiharibika, chungu chako ni kizima, makaa yako yanawaka, na bado bukari haipo. Programu nayo ndivyo ilivyo: inaweza kuwa nzima kabisa na isifunguke, kwa sababu maktaba inayoitegemea haipo, au ipo lakini ni ya toleo jingine. Kitu cha pili ni logi. Logi ni maandishi ambayo mfumo unajiandikia wakati unafanya kazi: saa fulani nimeanza, saa fulani nimetafuta faili hili, saa fulani nimelikosa. Maktaba inatuambia programu inategemea nini. Logi inatuambia kilichotokea. Mwenye kuvijua vyote viwili ana pa kuanzia.

Tuchukue mfano ambao vijana wengi wa vibanda vya kuchapa na kufotokopi wanaufahamu. Unasakinisha programu mpya kwenye Windows, unaibofya, na mbele yako linatokea dirisha dogo, kwa Kifaransa kwa sababu mashine nyingi za hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, linalosema kwamba VCRUNTIME140.dll haikupatikana. Wengi hulifunga dirisha lile bila kulisoma, kisha wanabofya tena, na tena. Sasa tulisome pamoja. Herufi tatu za mwisho, dll, zinaonyesha kwamba kilichokosekana ni maktaba ya pamoja. Kwa hiyo programu yako haijafa, inamtafuta mwenzake. Na mwenzake huyo anajulikana: yumo kwenye kifurushi cha Visual C++ ambacho Microsoft yenyewe inakitoa bure. Unakipakua kutoka kwao, unakisakinisha, kazi inaendelea. Kuna jambo moja tu la kuangalia. Kifurushi kinatolewa kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64, na kinachotakiwa ni kile kinachofanana na programu, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Wengine huweka cha 64 peke yake, programu ya biti 32 inaendelea kugoma, nao wanasema dawa haifai. Na kuna kosa kubwa kuliko hilo: kwenda kwenye tovuti usiyoijua, kupakua faili lile moja la dll na kulitupia ndani ya mashine. Hapo umemfungulia mgeni mlango wa nyumba bila kumwuliza jina. Faili la maktaba linatekelezwa ndani ya programu yako, kwa ruhusa zote za programu yako. Likiwa na sumu, sumu ile imeingia kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi anaweza kunijibu hivi: ndugu yangu, mteja amesimama hapa anasubiri, kufomati nimekuzoea, na baadaye mashine inafanya kazi. Kwa nini nipoteze muda kusoma? Ni hoja ya mtu anayetafuta riziki yake, nami naiheshimu. Lakini tuitazame vizuri. Kufomati kunaondoa dalili na sababu kwa pamoja, na ushahidi unaondoka navyo. Kesho tatizo likirudi, fundi hana analolijua leo ambalo hakulijua jana. Mteja naye amepoteza programu zake, pengine na hati za watu ambazo hazikuwa na nakala. Na kuweka kila kitu upya kunataka kupakua upya, na data ya intaneti sote tunajua inanunuliwa kwa pesa. Muda uliookolewa kwa kutosoma unalipwa baadaye, na mara nyingi anayelipa ni mteja.

Tena hapa Lubumbashi tuna sababu yetu wenyewe ya kusoma logi, nayo ni umeme. Mashine inajizima na kujiwasha, na mwenye nayo anasema ni virusi. Je, kweli ni virusi? Windows inaweza kumsaidia kujua. Kuna programu ndani yake inayoitwa kwa Kifaransa Observateur d'événements. Ukifungua sehemu ya mfumo, unaweza kukuta mstari wenye namba 41, na jina Kernel-Power kando yake. Mstari ule unasema kwamba mashine imewaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Hausemi nani mwenye kosa. Inaweza kuwa umeme uliokatika, inaweza kuwa kifaa cha umeme ndani ya mashine, inaweza kuwa mashine iliganda. Lakini una saa na tarehe. Linganisha saa zile na saa ambazo umeme ulikatika mtaani. Zikilingana kila mara, kufomati hakutakusaidia kitu; unahitaji betri ya akiba. Zikitofautiana, basi tafuta ndani ya mashine. Mnaona faida? Mstari mmoja umetuondolea virusi ambavyo havikuwepo. Kwa hiyo narudia: kabla ya kufuta, soma.

Kuna hoja nyingine, na hii hutolewa na watu wanaoijua kazi. Wanasema: kama maktaba za pamoja zinaleta shida hivi, kwa nini kila programu isibebe maktaba zake yenyewe? Itakuwa nzito kidogo, lakini haitakosa kitu. Na shida ni ya kweli. Mwezi wa Aprili 2022 Ubuntu 22.04, mfumo wa aina ya Linux, ilipotoka, ilikuja na toleo la 3 la maktaba ya kufunga ujumbe kwa siri inayoitwa OpenSSL. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo la zamani zilianza kulalamika kwamba hazioni libssl.so.1.1. Soma jina lile pole pole: lib ni maktaba, ssl ni kazi yake, na 1.1 ni toleo linalotafutwa. Kwenye mashine kulikuwa na libssl.so.3. Maktaba ilikuwepo, toleo ndilo halikuwa lenyewe. Kwenye Linux, amri ya ldd inakuonyesha orodha ya maktaba ambazo programu inazitaka, na penye pengo inakuandikia kwamba haikupatikana. Ila usiitumie kwa programu usiyoiamini. Wengine walilibandika toleo jipya jina la zamani ili programu inyamaze. Kunyamaza si kupona. Toleo jipya halina ahadi zote za lile la zamani, na programu iliyodanganywa inaweza kuanguka katikati ya kazi. Njia sahihi ni kutafuta programu iliyotengenezwa kwa toleo jipya.

Sasa, je, kila programu kubeba maktaba zake kungetuokoa? Tukumbuke Aprili 2014. Ndani ya OpenSSL hiyo hiyo kuligunduliwa tundu lililopewa jina la Heartbleed. Mtu wa mbali aliweza kuvuta vipande vya kumbukumbu ya seva, na ndani yake manenosiri na funguo za siri. Penye maktaba ya pamoja, msimamizi alibadilisha faili za maktaba hiyo mara moja, akaziwasha upya huduma zake, na programu zote zilizoitegemea zikapata dawa. Penye programu zilizobeba nakala zao, ilibidi kutafuta kila programu, moja moja, na kusubiri kila mtengenezaji atoe toleo lake. Kwa hiyo kubeba yako kunafaa mahali fulani, sikatai, lakini hakukuondolei wajibu wa kujua umebeba nini. Na Heartbleed ina somo la pili. Shambulio lile halikuacha alama kwenye logi za kawaida. Baada ya kuziba tundu, wenye seva waliuliza: je, tumeibiwa? Wengi hawakuwa na namna ya kujibu. Ikabidi wachukulie kwamba wameibiwa, wabadilishe funguo, wawaombe watu wabadilishe manenosiri. Pasipo maandishi, hata asiye na hasara analipa kama mwenye hasara.

Ndugu wasikilizaji, hadi hapa mtu anaweza kusema haya ni mambo ya mafundi. Hapana, yanamgusa kila raia. Tutoke katika komini yetu ya Kenya, twende katika nchi ya Kenya. Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walipiga kura ya rais, na matokeo yalipitishwa kwa mitambo. Upande wa mgombea wa upinzani, Raila Odinga, ulikwenda Mahakama ya Juu na kulalamika. Tarehe 28 Agosti mahakama iliamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iwafungulie walalamikaji na wataalamu seva zake, pamoja na logi zake, ili waone nani aliingia na alifanya nini. Tume haikutimiza agizo lile kikamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walifuta uchaguzi wa rais. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo kasoro za fomu za karatasi. Lakini juu ya seva, mahakama ilieleza jambo ambalo kila mwenye mfumo anapaswa kulitafakari: kwa kuwa tume ilikataa kuzionyesha, mahakama haikubaki na njia ila kukubali madai ya walalamikaji kwamba mfumo uliingiliwa na watu wa nje, au maofisa wenyewe waligusa takwimu, au tume haikutaka kukiri kwamba ilivuruga upitishaji wa matokeo. Oneni uzito wake. Pengine logi zile zingeisafisha tume. Pengine zingeishtaki. Zilipofichwa, hazikuweza kumtetea mtu yeyote.

Hapo kuna hoja ngumu zaidi. Mtu atauliza: logi si maandishi tu? Nani atazuia mtu kuyabuni? Swali zuri, na jibu lilitoka nchi ile ile. Uchaguzi wa Agosti 2022 nao ulifika mahakamani, na baadhi ya ushahidi ulioletwa ulikuwa kurasa za logi zilizodaiwa kutoka kwenye seva za tume. Safari hii mahakama ilisimamia ukaguzi wa seva. Tarehe 5 Septemba 2022, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, majaji wote kwa sauti moja walitupilia mbali malalamiko, na wakasema kwamba baadhi ya logi zilizoletwa zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au zilighushiwa moja kwa moja. Kwa hiyo ni kweli, logi inaweza kughushiwa. Lakini uwongo ule ulijulikana kwa njia gani? Kwa sababu palikuwa na mahali pa kulinganishia. Dawa ya logi ya uwongo ni logi halisi inayotunzwa na mtu mwingine, mahali pengine, mapema, kabla ya ugomvi kuanza. Ndiyo maana wasimamizi wazuri wa seva hutuma nakala za logi kwenye mashine nyingine, ambayo hata msimamizi wa mashine ya kwanza hana ruhusa ya kuifuta.

Tusiogope pia kusema ubaya wa logi yenyewe, maana upo. Mwaka 2018, mwezi wa Mei, Twitter iliwaambia watumiaji wake wabadilishe manenosiri kwa sababu kasoro ilikuwa imeyaandika wazi wazi ndani ya logi ya kampuni. Kitu kilichokusudiwa kulinda kilikuwa kimeanika siri. Na Desemba 2021 dunia ilisikia habari za Log4j, maktaba ya pamoja ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kuandika logi. Chen Zhaojun wa Alibaba alikuwa ameripoti mwezi Novemba kwamba maktaba ile, ikipewa maneno fulani ya kuandika, haikuishia kuyaandika. Iliyachukua kama amri, ikaenda kwenye seva ya mbali kuleta programu na kuitekeleza. Katika mchezo wa Minecraft, ujumbe mmoja kwenye dirisha la maongezi ulitosha. Na kwa kuwa programu nyingi za Java zilibeba nakala yake ndani ndani, wenye mifumo walitumia wiki nyingi wakijiuliza: je, sisi tunayo? Je, tuache basi kuandika logi? La. Tunachojifunza ni mipaka. Andika tukio, usiandike siri: andika kwamba mteja ameingia saa fulani, usiandike nenosiri lake. Logi ipokee maneno kama maneno, isiyatii. Na orodha ya maktaba zako iwepo kabla ya hatari, maana siku ya hatari hakuna muda wa kuitengeneza. Wanaosema logi zinajaza diski nao wana haki, na kazi hiyo ina utaratibu wake wa siku nyingi: logi za zamani zinakandamizwa, zilizopitwa na wakati zinafutwa, na nafasi inawekewa kikomo.

Nimalizie ushahidi wangu kwa kisa cha Machi 2024. Mhusika wake ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kwamba kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Angeweza kuiacha. Angeweza kuweka mfumo upya. Yeye aliuliza: muda huu unakwenda wapi? Akapima, akafuata, akafika kwenye maktaba ndogo ya kukandamiza data inayoitwa liblzma, ya mradi wa XZ, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Ndani yake mtu aliyejipatia imani ya mradi kwa muda mrefu alikuwa ameficha mlango wa wizi. Na SSH ilihusianaje na maktaba ile? Kwenye baadhi ya mifumo ya Linux, SSH iliunganishwa na maktaba ya systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, nayo systemd ilitumia liblzma kukandamiza logi zake. Yaani mlango ulipitia maktaba moja hadi nyingine, pasipo mtu kuitazama. Tarehe 29 Machi Freund aliutangazia ulimwengu, kabla matoleo yale hayajasambaa kwenye seva nyingi. Kilichotuokoa ni tabia ya kutoikubali hitilafu isiyo na maelezo.

Basi, tukusanye tuliyoyasema. Wewe fundi wa kibandani: soma ujumbe wote, andika jina la maktaba na namba ya toleo, fungua logi, linganisha saa, kisha uamue. Kama mwishowe ni lazima kufomati, fomati, lakini baada ya kuweka nakala ya hati za mteja na nakala ya logi. Wewe mteja: usimwulize fundi kama mashine inawaka tu. Mwulize ilikuwa na nini, na amejuaje. Wewe mwanafunzi unayejifunza kuandika programu: programu yako ikishindwa, iseme imeshindwa kufanya nini, kwa faili gani, saa ngapi. Ujumbe unaosema kuna kosa bila kusema ni kosa gani unamwacha mtu gizani. Na ninyi wakubwa mnaonunua mifumo ya shule, ya hospitali, ya mishahara na ya kura: kabla ya kutia sahihi, ulizeni inategemea maktaba gani, nani atazisasisha, logi zitakaa wapi, na nani mwingine atakuwa na haki ya kuzisoma. Mfumo usioweza kujibu maswali hayo leo hautayajibu siku watu watakapokuja na hasira.

Kabla ya kufuta, soma.